Je, Wajua? Ndege wa Malheur na Maji Yanayogombewa

Je, wajua kwamba kusini-mashariki mwa jimbo la Oregon, Marekani, ipo kaunti moja inayoizidi Rwanda kidogo kwa ukubwa, ilhali wakazi wake hawajazi hata uwanja mdogo wa mpira? Kaunti ya Harney ina kilometa za mraba zipatazo 26,500, na sensa ya 2020 ilihesabu humo watu 7,495. Rwanda, katika sensa yake ya 2022, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 13. Sababu ya upweke huo ni maji. Hili ni jangwa la nyanda za juu, mita 1,250 hivi kutoka usawa wa bahari: majira ya baridi theluji, majira ya joto vumbi, na vichaka vya kijivu vya jamii ya pakanga hadi upeo wa macho. Katikati ya ukame huo kuna Hifadhi ya Wanyamapori ya Malheur, zaidi ya kilometa za mraba 750 za vinamasi, mabwawa na malisho mabichi. Ndege wa aina zaidi ya 340 wameonekana humo. Safu ya leo ni yake yote, maana ni vigumu kupata mahali ambapo habari za ndege na habari za binadamu zimefungamana kiasi hiki.

Je, wajua kwamba maji ya huko hayaendi baharini? Bonde la Harney halina mlango wa kutokea, sawa na Ziwa Rukwa letu. Theluji ya Mlima Steens huyeyuka majira ya kuchipua, ikashuka kwa mto Donner und Blitzen hadi Ziwa Malheur. Kutoka milima ya kaskazini huja mto Silvies. Malheur likijaa humwagikia Ziwa Mud, na Mud likijaa humwagikia Ziwa Harney. Hapo ndipo mwisho. Jua huyanyonya maji na kuacha chumvi. Ndiyo maana Malheur ni ziwa la maji baridi na Harney, hatua chache magharibi, ni la magadi. Kwa mpenda ndege hiyo ni neema: bata na vibisi upande mmoja wa bonde, na upande wa pili vitwitwi wanaofuata wadudu wa maji ya chumvi.

Je, wajua kwamba Mlima Steens ulinyanyuliwa na nguvu za namna ile ile iliyofanya Bonde la Ufa? Ganda la dunia likivutwa pande mbili hupasuka, na bamba moja hupanda huku jingine likizama. Steens ni bamba lililopanda: urefu wake ni kilometa 80 hivi, kilele chake mita 2,967. Ukiupanda kutoka magharibi unainuka polepole kiasi kwamba huoni kama ni mlima. Ukifika ukingo wa mashariki, ardhi inakatika ghafla na chini yako, zaidi ya mita 1,500, kuna Jangwa la Alvord, jeupe na tambarare.

Ziwa Malheur lenyewe si la kutegemewa. Mwaka 1934, katika ukame mkubwa, lilikauka karibu lote. Katikati ya miaka ya 1980 lilifurika hata maziwa yote matatu yakawa ziwa moja, likameza barabara, reli na mashamba ya majani. Hakuna pampu wala bwawa la umeme lililosababisha hayo. Zaidi ni tofauti ya theluji ya mwaka huu na ya mwaka jana. Sehemu kubwa ya ziwa mtu mzima husimama kichwa kikiwa nje, hivyo ongezeko dogo la kina husogeza ufuko mbali sana.

Je, wajua kwamba ngamia waliwahi kulisha hapa? Katika pango dogo la mwamba liitwalo Rimrock Draw, magharibi mwa mji wa Burns, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon walichimba kwa miaka zaidi ya 10 na kukuta vipande vya meno ya ngamia wa kale pamoja na vifaa vya mawe vilivyochongwa na binadamu. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba enameli ya meno hayo ina umri wa miaka 18,250 hivi. Juu ya tabaka hilo kulikuwa na majivu ya volkano ya Mlima St. Helens yenye miaka zaidi ya 15,000. Ikiwa hesabu hizo zitasimama, hapa ni miongoni mwa mahali pa kale zaidi panapojulikana kukaliwa na watu katika Amerika ya Kaskazini. Ngamia, kwa taarifa yako, asili yao ni bara hilo. Walihamia Asia na hatimaye Afrika, kisha wale wa nyumbani wakatoweka.

Wenyeji wa bonde hili ni Wapaiute wa Kaskazini, na kundi lao la hapa huitwa Wadatika. Waliishi kwa kufuata majira: mizizi mlimani majira ya kuchipua, samaki mitoni, na kiangazi mbegu ndogo nyeusi za mmea wa wada uotao kandokando ya ziwa. Wajua kwamba mwaka 1872 serikali ya Marekani iliwatengea eneo la kilometa za mraba zaidi ya 7,000, na ndani ya miaka 11 wakawa hawana hata kipande? Wafugaji waliingiza ng'ombe ndani ya mipaka. Wakala mwema wa serikali, Samuel Parrish, aliondolewa mwaka 1876, na aliyemfuata, William Rinehart, aliwanyima chakula na malipo. Vita vya kabila la Wabannock dhidi ya Marekani vilipolipuka 1878, baadhi ya Wapaiute walijiunga nao, wengi hawakujiunga. Adhabu haikubagua. Januari 1879 watu zaidi ya 500, wakiwemo wazee na watoto, waliswagwa kwenye theluji umbali wa kilometa 560 hivi hadi eneo la Wayakama katika Washington. Wengine walifia njiani.

Mkalimani wao, Sarah Winnemucca, aliyaandika hayo. Kitabu chake cha 1883 kinatajwa kuwa cha kwanza kuchapishwa kwa Kiingereza na mwanamke mzawa wa asili wa Marekani. Alizunguka miji ya mashariki akihutubia, akimtaja Rinehart kwa jina, akidai watu wake warudishwe.

Walirudi wenyewe, familia moja moja, wakaishi pembezoni mwa Burns kama wageni katika nchi yao. Mwaka 1928 kampuni moja ya ardhi iliwapa ekari 10 palipokuwa jalala la mji. Walilisafisha, kikachimbwa kisima, zikajengwa nyumba. Kutambuliwa rasmi na serikali kuu kulisubiri hadi 1968. Mtu akikuonyesha ndege wa Malheur bila kukuambia habari hii, amekuonyesha nusu ya mandhari.

Je, wajua kwamba mwaka ule ule wa 1872 aliingia bondeni kijana wa miaka 23 akiwa na ng'ombe 1,200? Peter French alitumwa kutoka California na tajiri wake, Hugh Glenn, akiwa na wachungaji hodari wa Kimexiko. Alipofika bonde la mto Blitzen na kuona majani yanayomfika farasi tumboni, hakuendelea mbele. Ranchi yake ya P ilikua hadi kumiliki karibu bonde lote. Sehemu ya siri ya ukuaji huo ilikuwa sheria ya ardhi za vinamasi: ardhi ikithibitishwa kuwa ya maji, iliuzwa na jimbo kwa bei ya kutupa. French alinunua vinamasi, akachimba mifereji, akakausha pale alipotaka malisho na kufurika pale alipotaka majani ya kukata. Mifereji mingine inayogawa maji kwa bata leo ilianzia katika kazi hiyo.

Banda lake la mviringo bado limesimama, nalo ukienda usiliache. Kipenyo chake ni mita 30 hivi. Ndani kuna duara la ukuta wa mawe, na kati ya ukuta huo na kuta za nje kuna njia pana iliyoezekwa, ambamo farasi walifundishwa kukimbia wakati wa baridi huku tufani ikipiga nje. Paa lote limebebwa na nguzo za mti wa jamii ya mwangati, zikiwa bado na mikunjo ya shina. Bundi na mbayuwayu hupenda kukaa darini.

French aliuawa siku moja baada ya Krismasi ya 1897. Walowezi wadogo waliokuja kutafuta ekari zao walikuta ardhi yenye maji yote ina mwenyewe, na kesi za mipaka na njia za kupita zikarundikana. Ed Oliver, mmoja wao, alimpiga risasi French akiwa juu ya farasi, hana bunduki. Baraza la wazee wa mahakama, lililojaa majirani wa Oliver, lilimwachia huru.

Sasa manyoya. Je, wajua kwamba mwaka 1903 wakia moja ya manyoya ya yangeyange iliuzwa kwa dola 32, wakati wakia ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 21? Kofia za wanawake wa mijini zilipambwa kwa manyoya marefu ambayo yangeyange huota wakati wa kuzaliana tu. Kwa hiyo wawindaji waliwapiga wakiwa viotani, na makinda yakafa kwa njaa. Vibisi nao waliuawa kwa maelfu kwa ajili ya ngozi ya kifuani, laini na yenye kung'aa, iliyoshonwa makoti na vifuniko vya mikono. Kufikia 1898 yangeyange wa Malheur walikuwa wamekwisha. Mwaka 1908 wapiga picha wawili, William Finley na Herman Bohlman, walipiga makasia siku nyingi katika matete ya Malheur wakiwatafuta. Hawakumwona hata mmoja. Walichokipata ni picha za makoloni makubwa ya ndege wengine waliobaki, na Finley alizifikisha kwa Rais Theodore Roosevelt. Tarehe 18 Agosti 1908 Roosevelt alitia saini, na ziwa likawa hifadhi ya ndege, moja kati ya 51 alizozitangaza akiwa madarakani.

Je, wajua kwamba miezi minane baadaye Roosevelt huyo huyo alishuka melini Mombasa? Aprili 1909, akiwa ametoka tu madarakani, alianza safari ya kuwinda Afrika Mashariki pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu wa jumba la makumbusho la Smithsonian. Msafara ulirudi na sampuli za viumbe zaidi ya 11,000, kuanzia tembo hadi panya. Wanyama 512 waliuawa na baba na mwana. Aliyewaokoa vibisi wa Oregon alikuja kwetu na bunduki, na kwa watu wa tabaka lake wakati ule mambo hayo mawili hayakupingana. Sisi tuna haki ya kuona vinginevyo.

Saini ya rais haikuleta maji. Hifadhi ya 1908 ilikuwa na ziwa bila mito inayolijaza. Mito ilikuwa mikononi mwa ranchi zilizo juu. Ziwa likarudi nyuma, watu wakahamia juu ya sakafu yake iliyokauka, wakalima. Jimbo la Oregon likadai kwamba sakafu hiyo ni yake. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1935 ikaamuliwa: maziwa hayo hayakuwa ya kupitika kwa vyombo siku Oregon ilipokuwa jimbo, Februari 1859, kwa hiyo sakafu haikuwahi kuwa ya jimbo. Hatima ya makoloni ya ndege iliamuliwa kwa swali la kama mashua ingeweza kupita.

Mwaka huo huo serikali iliinunua Ranchi ya P, kilometa za mraba 260 hivi, na pamoja nayo haki ya maji ya mto Blitzen. Kwa maoni yangu hapo ndipo Malheur ilipozaliwa kweli. Vijana wa kikosi cha kazi cha enzi ya mdororo wa uchumi, waliopiga kambi tatu hapa, walijenga barabara, mabwawa madogo na malango ya kugawia maji hadi 1942. Meneja wa kwanza wa hifadhi iliyopanuliwa, John Scharff, alikaa kazini tangu 1935 hadi 1971.

Je, wajua kwamba adui mkubwa wa bata wa Malheur si mwindaji bali samaki? Ni kapu, samaki wa kigeni yule yule aliyejazana Ziwa Naivasha. Huchimbua matope akitafuta chakula, akang'oa mimea ya majini na kuchafua maji hata mwanga wa jua usifike chini. Mimea ikifa, bata hawana chakula wala mahali pa kulelea. Mwaka 1955 ziwa lilitiwa rotenoni, sumu ya samaki ya jamii ile ile iliyomo katika utupa ambao wavuvi wetu wa zamani waliutwanga na kuumwaga mitoni. Kapu walikufa kwa wingi wa kutisha, kisha wachache waliosalia wakajaza ziwa upya. Imerudiwa mara kadhaa kwa matokeo yale yale. Mwari ndiye pekee anayefurahia: hapa anakula shibe yake.

Na ndege wa kuona ni nani? Kwa haraka:

Kibisi wa magharibi: dume na jike husimama wima juu ya maji na kukimbia bega kwa bega, hadi hatua 20 kwa sekunde, kisha hupiga mbizi pamoja. Aprili na Mei.

Korongo wa kijivu mwenye utosi mwekundu: hujipaka matope yenye chuma hadi manyoya yageuke rangi ya kutu, na inadhaniwa ni kwa ajili ya kujificha akiwa kiotani. Huzaa hapa, hukaa majira ya baridi California.

Kitwitwi wa Wilson: jike ndiye mwenye rangi kali na ndiye anayegombea mume. Akishataga huondoka, dume akabaki kuatamia. Safari yake ya kusini huishia Amerika ya Kusini.

Kwale mkubwa wa pakanga: kabla ya jua kuchomoza, kati ya Machi na Mei, madume hukusanyika uwanjani, wakajaza hewa mifuko ya kifuani na kuitoa kwa mlio wa kububujika. Majike hupita wakikagua. Majira ya baridi hula karibu majani ya pakanga peke yake.

Bobolinki: ndege mweusi mwenye kisogo cha rangi ya malai, aliyetoka Argentina na Paraguay kuja kuzaa katika malisho ya bonde la Blitzen.

Tumbusi mwenye kichwa chekundu: asubuhi katika Ranchi ya P hupanga mstari juu ya mnara wa zamani wa kulindia moto, mabawa wazi wakiyaanika. Tofauti na tumbusi wa Serengeti, huyu hutafuta mzoga kwa kunusa.

Yangeyange: wamerudi. Ni mkubwa mweupe yule yule unayemjua kutoka Naivasha au Rukwa, aina moja kwa jina la kisayansi. Ndivyo ilivyo pia kwa bata mwenye mkia mrefu uliochongoka. Wa kwetu huja kutoka Ulaya na Asia ya kaskazini, wa Malheur kutoka Alaska na Kanada.

Usipite makao makuu ya hifadhi, kilometa 50 hivi kusini mwa Burns, bila kutazama juu. Miti iliyopandwa pale ndiyo pekee kwa umbali mrefu, kwa hiyo mwezi Mei na Septemba ndege wadogo waliopotea njia kutoka mashariki ya Marekani hutua humo kupumzika. Watazamaji wengine husafiri siku nzima kwa ajili ya bustani hiyo tu. Pembeni kuna jumba dogo la makumbusho lenye ndege karibu 200 waliokaushwa, msaada mkubwa kwa anayeanza. Kijijini Frenchglen, kusini zaidi, hoteli ya mbao ya 1924 bado inapokea wageni. Barabara ya juu ya Steens mara nyingi haifunguki yote kabla ya Julai kwa sababu ya theluji. Na mbu, Juni, ni wengi.

Je, wajua kwamba Crane, kijiji cha kaunti hii, kina sekondari ya serikali ya bweni? Kwetu hilo si habari. Marekani ni nadra mno. Watoto wa ranchi za mbali hulala shuleni Jumatatu hadi Alhamisi, kisha hurudi kwa mifugo.

Tarehe 2 Januari 2016 watu wenye silaha, wengi kutoka majimbo mengine, waliteka makao makuu ya hifadhi wakidai ardhi ya serikali irudishwe kwa wafugaji. Walikaa siku 41. Mmoja wao aliuawa na polisi. Wapaiute wa Burns waliuliza swali la haki: irudishwe kwa nani? Chini ya majengo yale kuna mabaki ya makazi ya mababu zao, na watekaji walichimba humo kwa tingatinga. Wakazi wengi wa Harney nao hawakuwaunga mkono, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba miaka mitatu tu kabla, 2013, wafugaji, kabila, wanamazingira na maofisa walikuwa wamemaliza kuandika pamoja mpango wa miaka 15 wa hifadhi.

Maana ndege hawajui mipaka ya hifadhi. Machi na Aprili makumi ya maelfu ya bata bukini weupe hutua karibu na Burns, nje kabisa ya Malheur, katika malisho ya watu binafsi. Wafugaji huko bado hufurikisha mashamba ya majani kwa maji ya theluji, kama enzi za French, na maji hayo ya kina cha kiganja ndiyo meza ya bukini, korongo na kwarara. Tamasha la ndege wahamao la Aprili limejengwa juu ya desturi hiyo. Lakini kwingine bondeni visima vya kina vinamwagilia lusini kwa mitambo, na uchunguzi wa serikali uliotolewa 2022 ulionyesha kwamba maji yanayovutwa kutoka chini ya ardhi ni mengi kuliko yanayorudi. Chemchemi na visima vya nyumbani vimeanza kushuka. Mfugaji akiacha kufurikisha na kuhamia mtambo, anaokoa kazi na kupata mavuno zaidi, na bukini wanakosa pa kutua. Ndiyo sababu baadhi ya wafugaji sasa wanasaidiwa kukarabati malango ya zamani ya maji ili waendelee kufanya kazi kwa njia ya babu zao.